Majina Yote Matatu

Mtu akiniambia leo kwamba Marekani ni nchi ya sheria, namwambia ndiyo, na sheria yenyewe naijua kuliko wewe, kaa nikusimulie. Nimeisomea kwenye lango la nyuma la hoteli hapa Al Sadd, mjini Doha, pale yanapoingia magari ya mboga na kutoka magari ya taka, na mwalimu wangu alikuwa mlinzi. Anaitwa Job Oloo. Nina hasira naye mpaka leo, na nina hasira zaidi na mtu mwingine ambaye nitamtaja wakati wake ukifika.

Mimi ni Mwajuma, mtu wa Muheza. Kazi yangu ni udobi: mashuka, taulo na vitambaa vya meza, na huu ni mwaka wa tisa. Nilipokuja Doha nilimwacha binti yangu Hidaya kwa mama yangu, ana miaka mitano, meno ya utoto yamejaa kinywani. Sasa ana kumi na minne na amenipita urefu, naambiwa. Naambiwa, jamani! Mshahara wa dobi hauruhusu mtu kuleta mtoto hapa, hilo tulilijua tangu tunasaini mkataba. Katika miaka tisa nimemwona likizo tatu. Lishikeni hilo, maana ndilo jambo lenyewe, mengine yote yamelizunguka hilo.

Oloo ni Mjaluo wa Siaya, mtu mzima wa miaka hamsini kasoro, mrefu, shati la ulinzi linampwaya. Kabla ya kuja huku alikuwa na meza na taipureta nje ya mahakama ya kwao, akiwaandikia watu barua na maombi yao ya kesi. Mahakama ikianza, anaacha meza, anaingia kukaa benchi la nyuma kusikiliza. Kompyuta zilipokuja zikamnyang'anya riziki, ila ule ugonjwa wa mahakama haukumtoka. Wenzake wakipumzika wanatazama mpira kwenye simu, yeye anasoma hukumu. Hukumu za Nairobi, za London, za Washington, za watu asiowajua wala hawatamjua. Tulimtania sana. "Oloo, wewe tungekuozesha jaji," namwambia, naye anacheka mpaka kofia inaanguka.

Sasa niwaambie habari ya basi, maana bila basi hamtaelewa ujinga wetu.

Tunalala Al Wukair, nyumba za wafanyakazi, na basi la hoteli hutuleta mjini asubuhi. Mwaka fulani kiyoyozi cha basi kilikufa mwezi wa Juni. Juni ya Doha! Siku ya nne dada mmoja wa Kiganda, Phoebe, alizirai tukamshusha kwa kumbeba. Tukasema hapana, malalamiko yaende ofisini. Lakini sisi watu wa kazi za huku tuna desturi yetu, na kila aliyekaa kambini anaijua: malalamiko yanakwenda na jina moja. Majina arobaini ni mgomo, na mgomo ni tiketi arobaini za kurudi kwenu. Jina moja ni mtu mmoja mkorofi tu. Basi anatafutwa mmoja, anatia jina, wengine tunainamisha vichwa. Likifanikiwa tunafaidi sote, likiharibika anaumia yeye.

Aliyetia jina alikuwa Oloo. Aliandika barua nzuri, chini akaandika Job Ochieng Oloo. Nikamwambia si ungeandika Oloo tu, wako wengi? Akasema, "Majina yote matatu, kama kwenye pasipoti. Jina nusu ni la mtu anayejificha." Bradley wa ofisi ya wafanyakazi akamwita, akamuuliza, "Wengine ni nani?" Oloo akajibu, "Ni mimi peke yangu." Wiki haikuisha, kiyoyozi kikatengenezwa. Na wiki hiyo hiyo Oloo akatolewa mlango wa mbele, kwenye marumaru na hewa ya baridi, akapelekwa lango la nyuma kwenye jua na harufu ya taka. Watu arobaini tukapoa, yeye akaungua. Sisi tukawa tunampelekea maji ya barafu, tukajiona watu wema kabisa.

Haya. Ile bahati nasibu ya grinikadi, kibali cha kuhamia Marekani, mnaijua. Oloo alinieleza kwamba si sadaka ya rais yeyote. Ni sheria iliyotungwa na Bunge la kule zaidi ya miaka thelathini iliyopita: kila mwaka zitolewe viza zisizozidi elfu hamsini na tano kwa watu wa nchi ambazo haziwapelekei wahamiaji wengi. Alinijazia fomu kwenye simu yake pale langoni, mimi nikiwa na taulo begani, namwambia unanipotezea muda wa chai. Majibu yalipotoka mwezi wa Mei, jina lake limo, na langu limo. Nilipiga kelele mpaka paka wa jalalani wakakimbia.

Kizuri zaidi ni kwamba mtoto ambaye hajatimiza miaka ishirini na moja anapita kwa jina la mama yake. Hidaya alikuwa ndani ya karatasi yangu. Nilimpigia siku ile nikamwambia, "Mwanangu, mimi na wewe tutakaa nyumba moja." Akaniuliza kama huko kuna baridi. Nikamwambia nitakununulia koti.

Lakini zawadi ile ilikuwa na kisu ndani. Mwaka wa serikali ya Marekani unaisha tarehe thelathini Septemba. Ukifika siku hiyo hujahojiwa na hujapewa viza, khalas, bahati yako imekufa, hata kama kosa si lako. Tarehe hiyo imo ndani ya sheria yenyewe, Bunge limeiandika.

Tukawa tunangoja tarehe ya mahojiano mwaka uliofuata. Hotuba hakuna, mjadala hakuna. Rais wa kule akasaini tangazo: viza za watu kama sisi zisimame. Siku moja, kalamu moja. Nikatoka chumba cha dobi na aproni yangu mpaka langoni.

"Mtu mmoja?" nikamwuliza Oloo. "Na hilo Bunge lililotunga sheria limelala?"

"Sikiza, Mama Hidaya," akasema. Huwa haniiti Mwajuma akitaka nielewe jambo. Akainua daftari la lango. "Unaona hili? Mimi sikuliandika. Menejimenti imeandika nani aingie na nani asiingie. Hiyo menejimenti ndiyo Bunge. Rais ni mimi hapa, askari wa lango. Kazi yake kufuata daftari."

"Na askari akikataa kulifuata?"

"Unamshtaki. Hapo ndipo anaingia jaji."

"Kwa nini nishtaki? Bunge si limwambie aache!"

Akacheka kile kicheko chake cha huruma kinachoniudhi. Akaniambia Bunge lao ni vyumba viwili. Kuna Baraza la Wawakilishi, watu mia nne thelathini na tano, na kuna Seneti, watu mia moja, wawili kila jimbo, jimbo liwe kubwa au dogo. Mswada unaanzia kwenye kamati, na miswada mingi inafia humo humo. Ukitoka upite chumba cha kwanza, halafu upite Seneti, na Seneti kwa mambo mengi wanataka watu sitini wakubali hata kuacha kubishana tu ndipo kura yenyewe ipigwe. "Ukipita kote," akasema, "unapelekwa kwa rais ausaini."

"Rais yupi?"

"Huyo huyo."

"Aliyetufungia?"

"Huyo huyo. Akiukataa, unarudi, na sasa wanatakiwa theluthi mbili kila chumba."

"Nyoo!" nikasema. "Wazee wazima wamekaa wakatunga ujinga huo?"

"Walitunga hivyo makusudi, wasitawaliwe na mtu mmoja."

"Basi wametawaliwa na mmoja na miguu ya wengine imefungwa kamba!" Nilikuwa napayuka mpaka dereva wa gari la taka akafunga kioo. Wala sioni aibu. Mtoto wangu alikuwa ndani ya karatasi ile.

Mwezi wa Juni Oloo akapata habari ya mawakili wa Washington waliokuwa wanakusanya washindi wa bahati nasibu waliokwama, wafungue kesi kwenye mahakama ya shirikisho. Hawakutaka hata senti. Walitaka fomu tu: jina, namba ya ushindi, na sahihi. Hoja yao aliisoma, ikampendeza kweli kweli. Sheria ya Bunge inampa rais ruhusa ya kumzuia mtu asiingie nchini, haimpi ruhusa ya kuwakataza maofisa wasiandike viza. Yaani askari anaweza kukuzuia langoni, lakini hawezi kuifunga ofisi inayotoa vitambulisho. Oloo alisema jaji yeyote mwenye masikio atalisikia hilo.

Nikamwambia vizuri, tia jina lako utubebe, kama basi.

Na hapa nisimsingizie mtu. Mwanzoni hata yeye alifikiri inawezekana. Kwao Kenya katiba inaruhusu mtu kwenda mahakamani kwa niaba ya mwenzake. Akawaandikia mawakili kwamba yeye Job Ochieng Oloo anashtaki kwa ajili yake na kwa ajili ya dada yake wa hoteli moja. Baada ya siku mbili wakajibu: hapana, kila mtu asaini mwenyewe. Mahakama ya Juu ya kule, majaji tisa, imeshawaambia majaji wa chini kwamba amri zao zimhusu aliyekuja mbele yao, zisiwafunike watu wote kwa mkupuo. Ziko njia za kushtaki kwa kundi, lakini hawakuwa na uhakika nazo na muda ulikuwa mfupi. Kila mtu na jina lake.

Oloo akaja chumba cha dobi na fomu. Nikamwambia nitafikiri. Mkataba wangu na hoteli ulikuwa unakwisha Julai, na uamuzi wa kuuongeza uko kwa Bradley. Faili la kesi za kule liko mtandaoni, mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Nikajiambia, Bradley akiona jina langu atajua nataka kuondoka, ataniondoa yeye kwanza, na ile viza nayo ikikosekana nitarudi Muheza mikono mitupu. Hidaya atakula nini?

Akaja mara ya pili. Nikamwambia nina kazi.

Akaja mara ya tatu, mbele ya wanawake wote wa dobi, na kalamu ameshaifungua. "Mama Hidaya, wanafunga orodha Alhamisi. Bradley hasomi mafaili ya Washington. Yule hasomi hata barua zetu za hapa."

"Wewe umejuaje anachosoma?"

"Nakuomba. Sahihi tu."

Ndipo nikalipuka. Nilimwambia yeye ni mwanamume, watoto wake wameshakuwa watu wazima, amezoea kujitangaza, anapenda mahakama kama watu wengine wanavyopenda pilau. Nikamwambia mwanamke mwenye mtoto haandiki jina lake ovyo. "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake!" nikasema, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa, Phoebe na Edith na wote. "Kama unatupenda, tubebe. Kama hutupendi, jibebe mwenyewe na uniache nipige pasi!"

Akaikunja fomu akaitia mfuko wa shati. "Sahihi ya mtu siwezi kumwekea," akasema, akarudi langoni kwake.

Julai Bradley akaongeza mkataba wangu bila hata kuinua uso. Nikajiona mjanja.

Wiki ya kwanza ya Septemba tukiwa kwenye basi asubuhi, simu zikaanza kulia mfululizo, lile kundi letu la washindi wa Doha. TUMESHINDA. Jaji wa Washington amesema rais amekosea, viza ziandikwe haraka kabla ya tarehe thelathini. Nilipiga vigelegele mpaka dereva akapiga honi. Phoebe alinikumbatia. Pale pale nikampigia Hidaya kabla hajaenda shule, nikamwambia mwambie bibi akutafutie pasipoti, tumeshinda. Msiniulize kama nilisahau kwamba sikusaini. Sikusahau. Niliamini tu, kama tulivyoamini siku zote, kwamba jina moja likishinda tumeshinda sote. Si ndivyo tulivyopoa kwenye basi hilo hilo?

Nilipofika langoni Oloo hakuwa anacheka. Alikuwa amesimama na simu, miwani puani, ukurasa wa sitini na kitu katika kurasa themanini.

"Amri inawahusu walioorodheshwa mwishoni," akasema polepole. "Majina mia mbili na kumi na moja. Nimeyasoma yote mara mbili. Langu ni la mia moja arobaini na nne."

"Na langu?"

"Halimo, dada."

Nilikuwa na kikombe cha chai. Nilimmwagia. Chai ilikuwa imeshapoa, Mungu alimstiri. "Umetuibia!" nikampigia kelele. "Umejitia jina peke yako ukashinda peke yako! Wewe ndiye wa kututetea?"

Hakujifuta. "Nilikuja mara tatu," akasema.

"Na jaji wako huyo anamwogopa nani? Si ulinifundisha jaji wa shirikisho akishateuliwa na rais na Seneti ikampitisha, hatoki mpaka afe au achoke mwenyewe, labda Bunge limshtaki limwondoe? Mtu asiyeweza kufukuzwa kazi anashindwa kuandika neno 'wote'?"

"Juu yake kuna Mahakama ya Rufaa. Juu ya hiyo kuna Mahakama ya Juu. Akiandika 'wote', wale wa juu wanaifuta amri nzima, na hata hao mia mbili wanakosa. Ameandika alichoweza kukilinda."

"Wewe bado unamtetea!"

"Simtetei, Mama Hidaya," akasema. "Nakueleza."

Hasira yangu haikutaka kuelezwa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na mengine yalimgusa mama yake. Jioni nikampigia mama yangu mwenyewe kumlalamikia, nikitegemea atamlaani huyo Mjaluo pamoja nami. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwani mwanangu, wewe jina lako ulilipeleka?" akauliza.

"Sikulipeleka, mama."

"Asiyekuwepo na lake halipo."

Jaji alitumia kurasa themanini. Mama yangu alitumia maneno manne, tena yale niliyoyasikia tangu nanyonya.

Serikali ya kule ikakata rufaa, majaji watatu wakakaa, wakasema wale walioorodheshwa waendelee. Oloo akapewa mahojiano tarehe ishirini na mbili. Nilikuja kujua baadaye kwamba siku zile zote alikuwa anawaandikia mawakili: niongezwe kwenye orodha, ikasemwa orodha imefungwa, ifunguliwe kesi mpya, ikasemwa muda hautoshi. Akawauliza kama anaweza kunipa nafasi yake yeye. Hiyo hawakuijibu. Mimi wakati ule nilikuwa napita lango la nyuma nimegeuza shingo upande wa pili.

Tarehe thelathini Septemba niliomba ruhusa. Nilivaa baibui langu jeusi la Idi, nikachukua bahasha yangu yenye cheti cha kuzaliwa cha Hidaya, nikaenda ubalozini. Sikuwa na miadi. Mlinzi wa nje alikuwa kijana wa Kikenya, Jeremiah jina lake kifuani, mwenye adabu. Akapitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili. "Pole, mama. Jina halimo." Nikataka kumtukana, nikakumbuka daftari la Oloo. Huyu hakuliandika yeye. Nikamwambia asante, nikasimama upande wa pili wa barabara mpaka nilipowaona watu wa ofisini wanatoka na mikoba yao, saa za kazi zimekwisha.

Nikampigia Hidaya pale pale barabarani. Nikamweleza rais, nikamweleza jaji, nikamweleza Bunge na tarehe yake. Mtoto akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote, "Lakini mama, si ulisema kuna mtu anatuwekea jina?"

Nikamwambia nitampigia tena, nikakata simu.

Basi ndio nasema nina hasira. Nina hasira na yule rais aliyefungia watu kwa kalamu wakati hajui hata Muheza iko wapi. Nina hasira na hilo Bunge la watu mia tano thelathini na tano lililoandika tarehe ya kifo cha bahati yangu, halafu mlango wetu ulipofungwa likaangalia pembeni. Nina hasira na majaji wenye kazi ya maisha wanaohesabu majina kama mpishi anayehesabu nyama. Na yule mtu niliyesema nitamtaja wakati wake ukifika anaitwa Mwajuma. Nilimficha Bradley jina, nikamficha na jaji. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nililia hadi macho yakavimba.

Oloo aliondoka mwezi wa Novemba. Siku moja kabla ya safari alikuja chumba cha dobi, hakuwa amekanyaga pale tangu alipokuja mara ya tatu na fomu. Akaniwekea bahasha juu ya meza ya pasi. Ndani mlikuwa na ile fomu. Alikuwa ameijaza yote kwa mwandiko wake wa karani: jina langu, namba yangu ya ushindi, jina la Hidaya na tarehe yake ya kuzaliwa. Palikuwa pamebaki mstari mmoja mtupu, chini, na msalaba mdogo wa kalamu ya risasi wa kunionyesha pa kusaini.

"Nilikuwa nayo mfukoni mpaka Alhamisi ile jioni," akasema. "Nilipita mlangoni pako mara mbili tena. Ulikuwa unapiga pasi. Nikaogopa."

"Wewe? Wewe uliniogopa mimi?"

"Kuliko Bradley."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamwomba radhi kwa chai, na kwa mama yake. Akasema mama yake alikuwa na ulimi mkali zaidi, wangeelewana. Alipoondoka nilichukua kalamu, nikaisaini fomu ile, Mwajuma Abubakari Mhina, na tarehe ya siku ile ya Novemba. Haikuwa na kazi tena. Niliisaini hivyo hivyo.

Yuko Ohio sasa, analinda ghala. Ananiandikia. Hata huko hajaacha: alikwenda ofisi ya mbunge wa eneo lake kumweleza habari yangu, ingawa hawezi kumpigia kura bado. Akapokelewa na binti mmoja mpole aliyeandika kila kitu, akamwambia kuna mswada unaohusu watu waliokosa viza kwa mkwamo kama ule. Uko wapi? Kwenye kamati. Kamati! Oloo anasema atarudi tena mwezi ujao. Namwambia nenda, na uwaambie nimesema wamelala.

Mwezi wa Juni huu, feni kubwa ya kutoa joto kwenye chumba cha dobi imekufa. Mashine nane za kukausha, mvuke wa pasi, na sisi kumi na saba ndani. Siku ya tatu Phoebe akaanza kuona kizunguzungu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba malalamiko yaende ofisini. Edith akasema lile lililokuwa kwenye vichwa vya wote: Oloo hayupo, nani atatia jina?

Nikaandika barua mimi. Nikaisaini ya kwanza. Wakaanza kushukuru, Mungu akubariki Dada Mwajuma, na Edith akaikunja aipeleke kwa Bradley.

"Unaipeleka wapi?" nikamwuliza.

"Ofisini. Jina si limeshaingia?"

Nikamnyang'anya barua, nikaenda nikasimama mlangoni, mgongo kwenye mlango. Hasira ilinipanda na wala hawakujua inatoka wapi. "Jina langu si kanga ya kuwafunika watu kumi na saba," nikawaambia. "Mimi simbebi mtu. Mwenye joto aandike lake. Asiyeandika asije kuniambia tumeshinda."

Wakaguna. Wakasema nimekuwa mkali, wakasema Bradley, wakasema tiketi. Nikawaambia leo hatoki mtu hapa. Akatangulia Edith, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka karatasi ikageuzwa upande wa pili. Wa mwisho alikuwa Phoebe, jasho linamtiririka, kalamu mkononi.

"Dada," akasema, "nikiandika Phoebe tu si inatosha?"

"Yote matatu," nikamwambia.